Utitiri wa Mimea Mkoani Tanga: Uanze na wa Miguu Minne, wa Utando, au Utitiri Bapa?

Michungwa ya Muheza, minazi ya Pangani, mkonge wa Mlingano na msitu wa Amani vyote viko ndani ya mkoa mmoja, na utitiri wala-mimea wamo kote humo. Anayetaka kueleza spishi mpya hapati shida ya mahali pa kutafuta. Shida ni kundi gani ashughulike nalo, kwa sababu kila kundi linadai slaidi yake na vielelezo vyake. Ukikosea hapo utatambua umeshakusanya, na pengine masika yameshawaosha utitiri wote majanini.

Makundi matatu yanastahili kuwekwa pamoja. La kwanza ni familia ya Eriophyidae na jamaa zake, ambao hapa tutawaita utitiri wa miguu minne kwa kuwa wana jozi mbili tu za miguu maisha yao yote. La pili ni Tetranychidae, wa utando, ambao mkulima huwaita utitiri wekundu hata pale walipo kijani. La tatu ni Tenuipalpidae, utitiri bapa.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Ukitafuta upya hasa, chukua wa miguu minne na uwatafute kwenye mimea ya porini ya Usambara Mashariki, ulipo msitu wa Amani. Ukiwa na kazi ya shamba, chukua wa utando, lakini ujue kwamba mara nyingi utakachohitaji ni kutambua spishi iliyokwisha kupewa jina. Utitiri bapa waache hadi uwe na hadubini nzuri sana na mkono uliozoea.

Uwezekano wa kukuta kisichojulikana

Spishi za miguu minne zilizoelezwa duniani zinazidi 4,000, na sehemu kubwa zinajulikana kwenye mmea wa aina moja tu au ndugu zake wa karibu. Hapo ndipo Amani inapokuwa na thamani. Milima ya Usambara Mashariki ina mimea isiyoota kwingine, na utitiri wanaotegemea mmea wa namna hiyo hawawezi kuwa wamekwisha kuelezwa kutoka nchi nyingine. Anza na mmea. Chagua mti au kichaka cha asili ambacho hakuna aliyewahi kuripoti utitiri wake, kisha kagua vichipukizi, sehemu ya chini ya jani, pembe za vena na ndani ya magamba ya machipukizi.

Wa utando wamefanyiwa kazi muda mrefu zaidi kwa sababu ya hasara wanayotia. Spishi zilizoelezwa zinazidi 1,200, na wale wanaoonekana kwenye nyanya, mbilingani, mchicha au muhogo wa Tanga karibu wote wana majina. Mtego hapa ni kuchanganya kigeni na kipya. Utitiri wa kijani wa muhogo, Mononychellus tanajoa, alielezwa Brazil mwaka 1938, akaonekana Afrika kwa mara ya kwanza Uganda mwaka 1971. Aliyemkuta shambani siku hizo alikuwa amekuta mdudu mgeni, si spishi mpya kwa sayansi. Utitiri mwekundu wa nyanya, Tetranychus evansi, alielezwa mwaka 1960 kwa vielelezo vya Mauritius ingawa asili yake ni Amerika Kusini. Kwa hiyo kabla ya kushangilia mdudu wa kwenye zao, tafuta fasihi ya huko zao lenyewe lilikotoka. Hata miguu minne wana mfano wao: Aceria guerreronis, anayekwaruza nazi changa chini ya magamba yaliyo kwenye kikonyo na kuacha baka jeupe la pembetatu ambalo baadaye huwa kahawia na kupasuka, alielezwa mwaka 1965 kutoka jimbo la Guerrero, Mexico.

Utitiri bapa wana upya wa aina nyingine, ule uliojificha ndani ya jina la zamani. Mwaka 2015 kilichokuwa kikiitwa Brevipalpus phoenicis kilichunguzwa upya na kugawanywa kuwa spishi nane. Waliokuwa wakiandika jina hilo kwenye ripoti za michungwa na mipapai kwa miaka mingi hawakuwa wakisema kitu kimoja. Kazi ipo tele humo, ila ni ya kulinganisha vinyweleo na mikunjo midogo ya ngozi dhidi ya vielelezo vya makumbusho ya nje, na hiyo si ya kuanzia.

Kuwaona na kuwakusanya

Kwa lenzi ya mkononi ya mara 10 utawaona wa utando bila taabu: jike ana takriban nusu milimita, ana miguu minane akikomaa, na nyuzi za utando hushika vumbi. Bapa ni wadogo kidogo, wekundu, wamelala juu ya jani na hutembea kwa uvivu. Wa miguu minne wengi wana milimita 0.1 hadi 0.3, na lenzi ya mkononi hukuonyesha vumbi la njano tu. Unahitaji hadubini ya meza yenye mara 40. Ukiona mwenye umbo la pea, anayeng'aa na kukimbia huku na huku, huyo ni Phytoseiidae, mla utitiri wenzake, mwache au umhifadhi chupa tofauti.

Msimu nao unabagua. Wa utando hufurika kwenye joto kavu la Januari na Februari, na mvua kubwa huwapunguza ghafla. Wa miguu minne walio ndani ya vivimbe vya majani hawajali sana mvua, hivyo unaweza kupanda Amani hata baada ya masika, alimradi barabara inapitika.

Kivimbe chenyewe kisikudanganye. Mikoko, mikuyu na vichaka vingi hutoa vivimbe ambavyo vimefanywa na nzi wadogo. Pasua kwa wembe chini ya hadubini: cha nzi kwa kawaida kimefungwa na ndani mna funza katika chumba chake, cha utitiri mara nyingi kina tundu upande wa chini wa jani, limezibwa na nywele, na ndani mna utitiri wengi pamoja na mayai. Tena ndani ya kivimbe kimoja huweza kukaa mwenye nyumba na wapangaji, yaani spishi iliyokifanya na nyingine zilizoingia baadaye. Ukiwachanganya kwenye maelezo ya spishi moja, kazi nzima imeharibika. Kagua kivimbe kichanga, ambacho bado hakijapata wapangaji wengi.

Njia za kutoa utitiri ni mbili, na hapa tunapendelea wazi moja yake. Kuokota mmoja mmoja kwa sindano chini ya hadubini huchukua saa, lakini unajua kila kielelezo kilitoka sehemu gani ya jani. Kuosha ni kwa haraka: majani yanatikiswa kwenye maji yenye matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo, maji yanapitishwa kwenye machujio yaliyopangana, la juu la mikromita 180 kuzuia uchafu na la chini la mikromita 25 kushika utitiri. Kuosha kunafaa kuuliza kama mmea una utitiri wowote. Hakufai kuwa chanzo pekee cha vielelezo vya kuelezea spishi, kwa sababu unapata wa kwenye kivimbe, wa juu ya jani na waliopeperushwa na upepo kutoka mti wa jirani, wote kwenye bakuli moja. Wa utando hawahitaji hayo. Kung'uta tawi juu ya karatasi nyeupe na kuwadaka kwa brashi namba 000 kunatosha.

Uhifadhi una tofauti ambayo wengi hawaijui. Wa utando na bapa waingie kwenye ethanoli: asilimia 70 kwa slaidi, asilimia 95 na zaidi kwa DNA, kwa sababu ile kali huwafanya wakakamae na miguu kukatika. Wa miguu minne wanaweza pia kukauka pamoja na jani lao: kunja jani ndani ya karatasi laini, likauke kivulini, tia kwenye bahasha. Wananyauka, lakini ukiwapasha moto kwenye asidi laktiki wanavimba tena na kuonekana vizuri. Hiyo inaokoa fedha ya ethanoli na usumbufu wa kusafirisha kimiminika kinachowaka kwenye ndege. Adui ni unyevu wa pwani. Bahasha zikikaa mezani Tanga mjini kipindi cha mvua huota ukungu. Ziweke kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana na chembe za silika, na ukaushe silika upya inapobadilika rangi.

Lebo iwe ya penseli, iingie ndani ya chupa. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye ethanoli. Iandikwe jina la mmea, mahali, mwinuko, majira ya nukta za GPS, tarehe na namba ya mkusanyaji.

Slaidi: hapa ndipo makundi yanapotengana

| | Miguu minne | Wa utando | Bapa |
|---|---|---|---|
| Anayehitajika | Majike, 10 au zaidi | Dume na jike | Majike. Madume ni nadra katika spishi nyingi |
| Kinachotofautisha | Mistari ya ngao (gamba la mgongoni), pete za mwili, miale ya kucha-unyoya (kucha ya mguu yenye umbo la unyoya) | Umbo la edeagasi (kiungo cha kupandia) la dume, vinyweleo vya miguu | Mtandao wa mikunjo ya ngozi, idadi na umbo la vinyweleo |
| Mkao | Mgongo, tumbo na ubavu, slaidi tofauti | Jike mgongo juu; dume ubavu kamili | Mgongo na tumbo |
| Hadubini | Fezi kontrasti (inayodhihirisha vitu vinavyopitisha mwanga), lenzi ya mafuta mara 100 | Fezi kontrasti | Bora zaidi ya fezi; ya elektroni inasaidia sana |

Gundi ya slaidi inayotumika zaidi ni ya Hoyer: maji yaliyotoneshwa mililita 50, gundi arabu (utomvu mkavu wa mgunga) gramu 30, kloralihaidreti gramu 200, gliserini mililita 20. Changanya kwa mpangilio huohuo, kila kimoja kiyeyuke kabisa ndipo kifuate kingine, kisha chuja kwa pamba ya kioo. Gundi iwe ya vipande. Ile ya unga huleta mapovu na uchafu usiochujika. Kloralihaidreti ni dawa ya usingizi na inadhibitiwa, kwa hiyo inunuliwe kwa muuzaji aliyesajiliwa na kwa kufuata utaratibu wa Mkemia Mkuu wa Serikali, mapema kabla ya kwenda porini. Mbadala ni balsamu ya Kanada, inayodumu vizazi. Tatizo lake ni kwamba inapinda mwanga karibu sawa na ngozi ya utitiri, hivyo vinyweleo vinapotea machoni, na tena kielelezo lazima kiondolewe maji kwa hatua nyingi. Kwa wa miguu minne hatuipendekezi kabisa. Hoyer ina kasoro moja kubwa ya huku kwetu: hunyonya unyevu. Slaidi isiyozibwa kingo hulainika, kifuniko huteleza, na holotaipu, yaani kielelezo kimoja kinachobeba jina la spishi, hupinduka. Ikauke wiki moja hadi mbili kwenye nyuzi 40 hadi 45, ndipo ipakwe rangi ya kucha au vanishi ya Glyptal, mara mbili. Pasipo oveni, sanduku la mbao lenye balbu ya waya na kipimajoto linafanya kazi; bila kipimajoto utawachoma.

Kwa utitiri wa miguu minne, tatizo ni udogo wao. Waweke kwenye tone la asidi laktiki ndani ya slaidi yenye shimo, upashe polepole na uangalie kila baada ya muda mpaka matumbo yatoweke na ngozi ibaki. Wakizidishiwa hubaki vivuli, na mistari ya ngao huonekana kwa shida. Hamisha mmoja mmoja kwa kope iliyogandishwa kwenye kijiti, maana sindano ya chuma huwatoboa. Tone la Hoyer liwe dogo. Likizidi, utitiri huelea hadi ukingoni unaposhusha kifuniko. Likipungua, hewa huingia na kukaa hasa pale penye miguu. Shusha kifuniko kwa mshazari, upande mmoja uguse kwanza. Kisha usitegemee slaidi moja: ngao ya mgongo huonekana kwa aliyelala kifudifudi, viungo vya uzazi na vinyweleo vya nyonga kwa aliyelala chali, na tofauti ya pete za juu na za chini kwa aliyelala ubavu. Ndiyo maana tunasema majike 10 au zaidi, na madume na wachanga pia wakipatikana.

Kwa utitiri wa utando, tatizo ni dume. Bila yeye, Tetranychus wengi hawatenganishiki kwa umbo, kwa sababu tofauti imo kwenye kifundo cha ncha ya edeagasi, nacho husomwa kwa ubavu tu. Mweke dume kwenye Hoyer, msukume hadi chini ya tone, uache tone lianze kuwa zito kwa dakika chache, ndipo ufunike. Sasa ukiwa unaangalia kwa mara 200, gusa ukingo wa kifuniko kwa ncha ya sindano, mwili ubiringike kidogo kidogo mpaka edeagasi ionekane yote kwenye fokasi moja. Peleka ovenini papo hapo. Akibaki ameinama hata kidogo, kifundo huonekana kidogo au kilichopinda, na mchoro huo utaonyesha spishi ambayo haipo. Weka madume kadhaa kwenye slaidi mbalimbali. Wakitofautiana, tatizo ni mkao.

Na dume akikosekana? Kwa kundi hili ipo njia. Jike asiyepandwa hutaga mayai yanayototoa madume tupu. Tafuta jike aliye kwenye hatua ya mwisho ya kutulia kabla ya kukomaa, mwondoe mbali na dume yeyote anayemlinda, umweke kwenye kipande cha jani la mmea uleule chenye upana wa sentimita 3, upande wa chini ukitazama juu, juu ya pamba iliyoloa kwenye sahani ya petri. Pamba isikauke hata mchana mmoja, la sivyo atatoroka. Kwa joto la pwani, wana hukomaa ndani ya wiki mbili hivi. Wape siku moja au mbili zaidi ngozi igangamale, ndipo uwaue.

Bapa tutawapita kwa ufupi. Wanapaswa kulala sambamba kabisa, na shinikizo la kifuniko likizidi mikunjo ya mgongo hupotoka, hapo huna tena sifa ya kutofautishia.

DNA hufaa makundi yote matatu, hasa kipande cha COI (jeni inayotumika kutofautisha spishi), lakini wa miguu minne wana tishu chache mno na majaribio mengi hushindwa. Chagua njia ya kutoa DNA isiyosaga mwili, ili ngozi ibaki na iwekwe kwenye slaidi. Mfuatano wa DNA bila mwili wa kuulinganisha nao haukusaidii kuandika maelezo.

Jina lisimame

Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama hazibagui makundi, ila baadhi zinawagusa wa miguu minne kuliko wengine. Jina lililopendekezwa baada ya 1930 kwa kutegemea kivimbe peke yake, bila mnyama mwenyewe, halikubaliki. Tangu 2000 lazima holotaipu au sintaipu (vielelezo kadhaa vinavyobeba jina kwa pamoja) zitajwe waziwazi. Taja pia mkusanyo na mahali zitakapohifadhiwa. Andika bayana kwamba ni spishi mpya, toa maelezo kwa maneno ya kuitofautisha na zinazokaribiana, na vipimo kwa mikromita: kwanza vya holotaipu, kisha upeo wa parataipu (vielelezo vingine vya spishi hiyo vilivyotumika kuielezea) kwenye mabano. Makala ikitoka mtandaoni tu, isajiliwe ZooBank, daftari la mtandaoni la majina ya wanyama, kwanza na usajili huo uonekane ndani yake.

Kwa jina, amaniensis au usambarensis ni rahisi, lakini angalia kwanza kama limeshatumika ndani ya jenasi hiyo, na likubaliane na jinsia yake. Kwa wa miguu minne mmea unahesabika karibu sawa na mnyama: kosa kwenye jina la mmea huwafanya wote watakaofuata watafute kwenye mti usio wenyewe. Bana tawi lenye maua au matunda, peleka hebaria (mkusanyo wa mimea iliyokaushwa) ya Lushoto au ile ya taifa Arusha, na namba yake iandikwe kwenye makala. Mmea adimu ukatwe tawi moja dogo tu. Saintpaulia, ua dogo la Usambara, halina jani la kupoteza.

Kibali cha utafiti kinatoka COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na cha kuingia msitu wa hifadhi ya asili Amani kinapitia TFS (Wakala wa Huduma za Misitu). Omba vyote viwili kabla ya msimu. Parataipu zigawanywe: sehemu zibaki nchini, nyingine ziende makumbusho yenye mkusanyo wa kundi hilo, kila slaidi ikiwa na lebo mbili, kushoto ya mmea na mahali, kulia ya jina na hadhi ya kielelezo. Zisafirishwe zikiwa zimelala, si zimesimama, na zisipakwe lebo nyekundu ya holotaipu kabla makala haijakubaliwa.